Bwana Afya wa Mfukoni

Shelui,
11 Juni 1967

Mke wangu mdogo Dina,

Salamu hizi zikukute hapo chuoni Kinampanda umeshiba na umevaa sweta, maana nasikia baridi ya huko mlimani mwaka huu haina huruma. Sisi hatujambo. Bibi yako Kristina hajambo, isipokuwa goti la kushoto, na goti lenyewe analitaja tu pakiwa na kuni za kubeba. Shangazi yako Selina amejifungua mtoto wa kiume, mwenye sauti ya mchungaji siku ya mavuno. Ng'ombe wazima. Mtama tumepata, si haba. Baiskeli nayo iko mahali pazuri.

Sasa habari yenyewe, na uisome umekaa.

Tawi letu la TANU limeamua kutembea kwa miguu kuliunga mkono Azimio la Arusha, kutoka hapa Shelui mpaka Dodoma. Watu kumi na wawili. Katibu wa tawi, Bwana Simeoni, alisimama mkutanoni akasema wazee wabaki nyumbani kuwaombea vijana. Nikasimama na mimi. Nikasema nina miaka sitini na mitano na magoti yangu yote mawili yako kazini, tofauti na ya watu wengine wa nyumba yangu. Watu wakacheka mpaka mkutano ukavunjika, na jina langu likaandikwa. Tunaondoka tarehe 21 Agosti.

Tatizo likawa maji. Wewe unajua Agosti kulivyo: madimbwi ya njiani yamebaki tope, ng'ombe wanakunywa humo na kufanya humo mambo mengine. Simeoni akasema tubebe sufuria kubwa ya kuchemshia. Aibebe nani? Kila mtu akatazama mawingu, na mawingu hayakuwapo. Ndipo akatokea Antipasi.

Antipasi ni utingo wa lori la pamba linalotoka Mwanza. Alikuwa na chombo alichokipata kwa kijana wa Kizungu, wale wanaozunguka dunia na shanta mgongoni na ndevu ambazo hazijachanwa. Chombo chenyewe ni cha chuma, urefu wake kama gunzi la mahindi. Kina mpini wa kusukuma kama pampu, mrija chini, mrija juu. Unatia mmoja dimbwini, unasukuma, na kwenye ule mwingine yanatoka maji meupe kama machozi. Nimeona kwa macho yangu! Antipasi alinisomea karatasi yake ya Kiingereza, neno kwa neno. Kinaua vijidudu vyote kufumba na kufumbua. Kinageuza maji ya chumvi kuwa matamu. Kinadumu miaka mia moja. Na kimepimwa na madaktari wa nchi saba. Nchi saba, Dina! Mimi nimepimwa na mmoja tu, tena alikuwa na haraka.

Nimekipa jina: Bwana Afya wa Mfukoni. Bwana afya wa kweli anakuja mara moja kwa mwaka kukagua choo. Huyu wangu analala chini ya mto. Nimewaambia wenzangu sufuria ibaki nyumbani, wakanibeba juu juu. Sasa mimi ni Mkuu wa Maji wa msafara mzima.

Soma kwa bidii, ila usisome mpaka ukaota miwani, nitakuacha.

Ni mimi mumeo mzee,
Melkiori


Kinampanda,
25 Juni 1967

Babu yangu, mume nisiyemchagua,

Shikamoo. Shikamoo na kwa bibi, na goti lake nalo nalisalimu. Barua yako imechukua wiki mbili na imefika inanuka dagaa, nadhani ilikalia gunia. Nimefurahi kwa mtoto wa shangazi Selina. Mimi mzima. Tumelima shamba la chuo mpaka viganja vimekuwa kama vyako, na mwalimu wetu wa sayansi, Mwalimu Gabrieli, amenipa alama nzuri.

Babu, nimeisoma habari ya Bwana Afya mbele ya wenzangu bwenini, na mmoja ameanguka kitandani kwa kucheka. Sasa niruhusu nikupinge kwa heshima zote.

Kwanza, karatasi umesomewa na nani? Na mwuzaji. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kimejitembeza kutoka Mwanza juu ya pamba. Pili, kinadumu miaka mia: basi aliyekijaribu miaka mia yuko wapi, na alikuwa anakunywa nini? Tatu, madaktari wa nchi saba. Babu, daktari ana jina. Hospitali ina jina. Hata ng'ombe wako wana majina. Nchi saba zisizo na jina hata moja ni nchi za Antipasi.

La nne ndilo linaloniogopesha. Unasema maji yanatoka meupe. Nasadiki. Ukikamua tope hata kwa kanga ya bibi, maji yatakuwa meupe. Lakini meupe si salama. Kijidudu ni kidogo hata macho hayakioni, na maji yaliyojaa ugonjwa yanaweza kung'aa kuliko kioo. Sisemi chombo ni uongo mtupu, huenda kinafanya kitu. Nasema hatujui kinafanya nini, na watu kumi na wawili hawawezi kuacha sufuria nyumbani kwa ajili ya kitu tusichokijua.

Anza na dogo, lisilomuumiza mtu. Tia kijiko cha chumvi katika kikombe cha maji ya kunywa, sukuma, onja. Au uniletee chombo hapa, chuoni tuna hadubini.

Halafu niambie mambo mawili. Ulimpa nini Antipasi? Na kwa nini unanipa habari za baiskeli wakati sikuiuliza?

Mjukuu wako asiyeota miwani,
Dina


Shelui,
9 Julai 1967

Dina mke wangu mbishi,

Nakusalimu kwa mikono miwili, kwa kuwa wa tatu sina. Bibi yako anasema goti limepokea salamu na linashukuru. Mtoto wa Selina ameitwa Fabiano na ananyonya kama anashindana na mtu. Mbuzi mmoja kaliwa na fisi, yule mwenye kiburi, hatukulia sana.

Nimefanya jaribio la chumvi. Naomba ulipokee jibu kiungwana. Chumvi ilipita. Lakini ilipita kwa adabu, si ile chumvi ya kukunja uso. Nimefikiri sana nikaona kwamba chumvi ni chakula, nao madaktari wa nchi saba walikuwa na kazi ya kuua maadui, si kuwasumbua raia wema. Hapo Antipasi alitafsiri vibaya kidogo. Kiingereza kigumu, wewe mwenyewe ulikifeli darasa la tano.

Bwana Afya hawezi kuja Kinampanda. Ana kazi. Siku ya gulio namtoa pale yanaposimama malori, nachota maji ya lambo kwenye karai, nasukuma, na watu wanapiga vigelegele. Dereva mmoja kutoka Nzega aliniita profesa. Vijana wa msafara wametunga wimbo, "Mkuu wa Maji, toa chombo, tunywe!" na anayeuongoza ni Zefania, yule mwenye mabega ya fahali. Mimi mwenyewe bado sijanywa, maana bibi yako amesema siku nitakayokunywa ndiyo siku nitakayoanza kulala zizini. Wanawake hawaamini maendeleo.

Kuhusu nilichompa Antipasi, tulielewana. Kuhusu baiskeli, inapumzika.

Na uliniuliza kati ya mistari kwa nini nimekishikilia chombo hiki hivi. Mtu akipenda kitu anakipenda tu. Tuachie hapo.

Wako profesa,
Melkiori


Kinampanda,
18 Julai 1967

Babu profesa,

Shikamoo. Hapa wote wazima isipokuwa jogoo wa mpishi wa chuo, aliyekuwa anawika saa tisa, na jana tulimla. Nafurahi kwa Fabiano.

Nina habari za hapo nyumbani kukushinda wewe uliye hapo nyumbani. Shangazi Selina alipita juzi akimpeleka mtoto kliniki Kiomboi. Ameniambia baiskeli imepumzika juu ya lori la Antipasi! Babu! Ile baiskeli uliyonipakia mimi toka darasa la kwanza mpaka la nne! Ile uliyokuwa ukiipaka mafuta kabla ya kujipaka mwenyewe! Bibi hakuongea na wewe siku nne, na kwenye barua zako hukusema. Nilicheka, halafu nikajiuliza. Baiskeli kwa pampu ya maji? Kuna kitu hujaniambia, na siyo bei.

Sawa, tuachie hapo, kama unavyotaka. Nirudi kwenye chumvi. Nakubali kwamba chumvi kupita hakuthibitishi kuwa vijidudu vinapita, maana chumvi huyeyuka na vijidudu haviyeyuki. Kinachothibitishwa ni kwamba aliyesema itazuiwa ni mwongo, na mwongo wa moja hakosi kuwa mwongo wa mbili.

Sasa hadubini huna, lakini mna kitu Wazungu wengi hawana: mnajua kugandisha maziwa. Nimemwuliza Mwalimu Gabrieli, akapiga meza kwa furaha akasema jaribio ni zuri. Mtindi unaganda kwa sababu ya vijidudu, Babu. Ni vijidudu vyema, rafiki zetu, lakini ni vijidudu, na ukubwa wake haupishani sana na wa vile vibaya. Mlango anaopita rafiki, mwizi naye hupita.

Fanya hivi. Chukua kikombe cha maji, koroga humo kijiko cha mtindi. Nusu ya maji hayo mpitishie Bwana Afya. Nusu ichemshe mpaka itokote sawasawa, kisha ipoe. Halafu chemsha maziwa mabichi, yakipoa yagawe mara tatu. Ya kwanza usitie kitu. Ya pili tia kijiko cha maji ya Bwana Afya. Ya tatu tia kijiko cha maji yaliyochemshwa. Yaweke karibu na meko mpaka kesho yake.

Bwana Afya akiwa anaua kweli, maziwa yake hayataganda. Yakiganda, basi vijidudu vimepita mlangoni kwake vikipunga mikono, na nakuomba kwa magoti yangu yote mawili mbebe sufuria.

Dina wako


Shelui,
30 Julai 1967

Dina, mke wangu uliyeshindwa,

Salamu, salamu, na tena salamu! Leo naandika huku nimesimama. Fabiano amepona kikohozi. Bibi yako ananicheka kutoka jikoni, sijui anacheka nini, lakini ni afadhali kuliko zile siku nne, nami sihesabu sababu.

Jaribio limefanyika, na hukumu ni hii: maziwa YOTE MATATU yameganda! Ya Bwana Afya yameganda, nakubali, sifichi. Lakini ya maji yaliyochemshwa nayo yameganda! Na yale ya peke yake, yasiyotiwa kitu, ndiyo yameganda kuliko yote, mazito, unakata kwa kijiko. Kwa hiyo kama Bwana Afya hafai, sufuria ya Simeoni nayo haifai, na hata kutofanya lolote hakufai. Sasa kati ya visivyofaa viwili, mtu mwenye akili anabeba chepesi. Nimemweleza Simeoni hivyo, akakuna kichwa.

Kila kitu nilifuata. Nilichemsha, nilipoza, niligawa. Kisha nikampa bibi yako akayaweke mahali pazuri, naye akaosha vibuyu vitatu vizuri, akavifukiza kwa kijinga cha moto kama ipasavyo, akatia na kufunika. Ushahidi tumeula kwa ugali jana mchana, ulikuwa mtamu sana. Mwambie Mwalimu Gabrieli akipita Shelui tutamfanyia jaribio jingine.

Mshindi,
Melkiori


Kinampanda,
8 Agosti 1967

Babu,

Shikamoo. Salamu za wengine baadaye, barua hii naipeleka mwenyewe kwa dereva anayeteremka leo.

VIBUYU, Babu! Vibuyu! Nimesoma neno hilo katikati ya kipindi, nikacheka kwa sauti mpaka nikatolewa nje, na huko nje nikaendelea. Kibuyu cha bibi kinagandisha maziwa tangu baba hajazaliwa. Mtindi umeingia mpaka kwenye ngozi yake. Ukitia humo hata machozi, asubuhi yameganda! Ndiyo maana bibi alikuwa anacheka jikoni. Hakuna Mnyiramba duniani mwenye akili timamu anayeweka maziwa nje ya kibuyu, najua, na nimejilaumu kwamba sikuandika. Kosa ni letu sote wawili.

Rudia. Tafuta chupa tatu za soda. Zichemshe chupa, chemsha na kijiko, na kila chupa iwe na kijiko chake. Weka alama. Funika kwa kitambaa kilichochemshwa. Bibi asiguse chochote! Wala usile kabla ya kuangalia.

Sasa nitasema bila mchezo. Siku kumi na tatu zimebaki. Mwaka jana hapa chuoni dada mmoja wa Mkalama alikunywa maji ya korongo safarini, na tulimzika Jumamosi. Alikuwa na miaka kumi na tisa na tumbo lake lilikuwa zima wiki moja kabla. Wewe una sitini na mitano. Nakupenda, mzee wewe. Sitaki unishinde, wala sitaki nikushinde. Nataka urudi.

Dina


Kinampanda,
29 Agosti 1967

Babu Melkiori,

Shikamoo, popote ulipo. Naandika kwa kupitia ofisi ya TANU Dodoma, wakupe utakapofika.

Hukunijibu. Nilingoja wiki ya kwanza nikasema lori limeharibika. Wiki ya pili nikasema umekasirika. Juzi nikasikia kwamba msafara wa Shelui umeshapita Singida mjini kwa ngoma, na mbele kuna mzee anayeimbisha. Nilifurahi nikaruka, halafu nikakaa. Hakuna aliyeweza kuniambia mzee huyo amebeba nini.

Sikuulizi tena habari ya chupa. Niandikie mstari mmoja tu, hata wa matusi.

Dina


Dodoma,
9 Septemba 1967

Mke wangu, mwalimu wangu, Dina,

Nakusalimu nikiwa hai. Tumefika juzi, kumi na wawili wote, miguu imevimba na vifua vimevimba zaidi. Tumepokelewa kwa ngoma ya Wagogo, wanaruka hao, nimeruka nao mara mbili na mara ya tatu nikawekwa kwenye kiti. Barua yako nimeikuta ofisini. Nisamehe, mama. Nitakuambia yote, hata yale yasiyopendeza.

Chupa nilizifanya. Nilifuata kila neno, nikamfungia bibi yako nje ya jikoni lake mwenyewe, jambo ambalo bado nalilipia. Asubuhi nikaenda peke yangu kutazama. Ya peke yake, mabichi kabisa. Ya maji yaliyochemshwa, mabichi, unaweza kumpa Fabiano. Ya Bwana Afya yaliganda mpaka nikaigeuza chupa juu chini na hayakumwagika. Nikakaa kwenye kinu na kuitazama ile chupa. Kisha nikayamwaga nyuma ya zizi.

Sikukujibu kwa sababu ningekujibu nini? Shelui yote iliniita profesa. Wimbo ulikuwa wangu. Nilikuwa naogopa aibu kuliko kuhara, Dina, hilo ndilo tusi utakalolipata.

Bibi yako aliona mabaki nyuma ya zizi. Asubuhi ya kuondoka alinifungia sufuria mgongoni, ile ya sherehe, akaikaza kwa kamba kama mtoto, akasema, "Ukiivua nitajua." Wenzangu wakauliza ya nini. Nikasema mke wangu ana wivu, anataka wanawake wa Dodoma wanione na sufuria wajue nina mtu. Wakacheka, tukaenda.

Mpaka Singida mjini, na kuendelea mpaka Ikungi, hapakuwa na shida, tulipewa maji ya visima na watu wema. Shida ilikuja baada ya hapo, siku moja kabla ya Manyoni. Kisima tulichoahidiwa kilikuwa kikavu. Palikuwa na dimbwi moja, rangi ya chai ya maziwa, na ndani yake ng'ombe sita wamesimama hawana haraka. Jua lilikuwa kali, midomo imepasuka. Zefania akaanza wimbo, wote wakapokea, "Mkuu wa Maji, toa chombo, tunywe!" Wananizunguka, wanapiga makofi, na kila mmoja amenyoosha kikombe.

Nikamtoa Bwana Afya. Nikamshika mkononi. Ndipo nikaona Simeoni, mtu aliyekuwa amenibishia toka mwanzo, naye amenyoosha kikombe. Ameniamini. Nikashindwa.

Nikasema, "Jamani, hiki chombo hakiui hata kijidudu cha mtindi. Nimejaribu kwa maziwa. Nimejua tangu nyumbani na sikuwaambia. Kusanyeni kuni."

Wimbo ulikatika kama kamba. Nikangoja kupigwa. Simeoni akanitazama, akaitazama sufuria mgongoni, akasema, "Mzee, kwa hiyo umebeba ukweli mgongoni wiki nzima na uongo mfukoni?" Halafu akacheka mpaka akaketi chini, na wote wakacheka, na mimi nikacheka na machozi yakanitoka, sijui ya nini.

Zefania peke yake alikataa kungoja. Alisema ana tumbo la fisi, akaninyang'anya chombo, akasukuma, akanywa vikombe vitatu. Maji yalikuwa meupe kweli. Kesho yake wengine tulitembea kuelekea Dodoma. Zefania alitembea kuelekea Dodoma na kuelekea vichakani, kila robo maili, akikimbia. Kila akitoka tulimpigia makofi. Ilipofika mchana tuliacha kupiga makofi, tukambeba. Manyoni zahanati walimtibu siku mbili, tukamngoja, na sasa anakula kama zamani. Bwana Afya hatukumtupa. Amepunguzwa cheo: yeye anatoa tope kwanza, kisha sufuria inafanya kazi ya kiume. Ulisema huenda anafanya kitu. Anafanya hicho.

Sasa nikujibu lile ulilouliza, kwa nini nilitoa baiskeli.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne, vita ya Wajerumani na Waingereza, tulipochukuliwa kwa nguvu pale Mkalama kuwa wapagazi. Mimi na kaka yangu Msengi. Baba yako hamjui huyo, sijawahi kumtaja kwa mtu isipokuwa bibi yako. Tulitembea njia nyingine ya hii hii nchi niliyoitembea sasa. Tulikunywa tulipokuta. Msengi akaanza kuharisha damu karibu na Kilimatinde. Siku ya tatu hakuweza kuinuka, na askari hawakungoja. Nilimwachia kibuyu changu cha maji ya dimbwi, nikafikiri namsaidia.

Antipasi alipotoa kile chombo akasema kinaua ugonjwa ndani ya maji, sikusikia habari za matembezi wala Azimio. Nilimwona Msengi tu. Ningempa na nyumba.

Lakini jioni ile pale dimbwini, wenzangu wakicheka, nilikaa karibu na moto nikingoja maji yatokote, na wazo likanijia ambalo halijaniacha mpaka leo. Dina, mzigo wangu katika vita ile ulikuwa sufuria. Sufuria tatu za jikoni, nimezibeba kichwani miezi minne. Moto ulikuwapo kila siku. Kila siku waliwachemshia mabwana maji ya chai, na sisi tuliowasha moto tukashuka kunywa dimbwini. Dawa ya kaka yangu ilikuwa juu ya kichwa changu, na hakuna aliyetuambia.

Mwakani utaingia darasani kufundisha. Siku ya kwanza, kabla ya a, e, i, o, u, waambie watoto.

Babu yako,
Melkiori